Mama kapigwa faini ya msaragambo akiwa na miaka 71, kaka anataka tuuze shamba tumlete Dar

Shangazi shikamoo,

Naomba unifichie jina maana kijijini kwetu saizi kila mtu ana simu janja, wakiisoma hii dakika mbili tu ishafika kwenye grupu la kitongoji. Mi ni dada wa miaka 36, naishi Tandika, nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa na pembeni nauza daftari na peni za wanafunzi, mume wangu ni fundi magari, watoto wawili. Kwetu ni milimani, wilaya ya Same, Upare.

Baba alifariki 2016. Toka hapo mama anaishi mwenyewe kwenye nyumba yetu, shamba liko chini kidogo ya nyumba na mfereji unapita pembeni yake, maji yanatoka kwenye ndiva. Kwa wasiojua ndiva ni bwawa walilochimba wazee wetu zamani sana, maji ya mtoni yanajaa humo usiku, asubuhi linafunguliwa yanashuka mashambani kwa zamu, leo wa juu kesho wa chini. Sasa ndiva inajaa tope na mfereji unaziba, kwa hiyo lazima watu watoke kuzibua, na hiyo kazi ya pamoja ya kijiji ndo msaragambo. Sio mfereji tu, barabara ya kijiji, choo cha shule, zahanati, vyote ni msaragambo.

Tulivyokuwa wadogo pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe. Mgonjwa anaachwa, mzee anaachwa, mjane yeye ndo kabisa watu wakimaliza mfereji wanapitia na kwake wanamlimia kipande, kazi ikiisha makande yapo kwenye sufuria kubwa na wale wanywaji wanajua dengelua, pombe yetu ya miwa, iko kwa nani. Hakuna aliyekuwa anahesabu. Au labda walihesabu ila sisi watoto hatukuona.

Saizi shangazi kijiji kimebadilika mpaka naogopa. Tangawizi imeingia vibaya mno, vijana wamekodi mashamba, wanauza kwa walanguzi wa Dar na wa Nairobi, nyumba za bati za msauzi zinaota kila kona, umeme umefika, boda zinapanda mpaka kule ambako zamani tulikuwa tunabeba wagonjwa kwenye machela. Sisemi ni vibaya, ni vizuri. Ila hamna tena mtu wa kumsaidia mtu. Kijana wa jirani, ambaye usiku anazaliwa mama ndo alikuwa pale anamsaidia mama yake, leo akimchotea mama maji anadai mia tano kwa dumu. Kuni elfu tatu. Kupalilia ndo usiseme, anataka kianzio kwanza na chai ya asubuhi.

Sasa mwaka huu mama kapigwa faini elfu ishirini kwa kutofika msaragambo mara mbili. Hakuwa na taarifa! Tangazo limewekwa kwenye grupu la wasapu, mama ana kitochi. Pembe hamna tena, kijana aliyekuwa anapuliza yuko Kariakoo anauza viatu. Mama alivyosema hana hela wakaja mgambo wawili wakaondoka na mbuzi wake. Mbuzi jike, ana mimba. Mama alinipigia usiku anaongea kwa utulivu kabisa kama anahadithia habari za mtu mwingine, na hiyo ndo iliniumiza kuliko angelia.

Nikampigia kiongozi mmoja wa pale nikamwambia mzee mi niko tayari kila msaragambo nitume hela mlipe kibarua badala ya mama, nitume hata sasa hivi. Akanijibu, "mwanangu, hela yako haitoi tope kwenye ndiva, tunataka mikono." Alafu watu hao hao faini wanaitaka kwa hela! Si ni kuchanganyana huku?

Kaka yangu anaishi Chanika, yeye ndo mkubwa. Anasema hayo yote ni dalili kwamba kijijini hapafai tena, watu wana roho mbaya kuliko hata sisi wa mjini tusiojuana, tuuze shamba na nyumba tumlete mama huku. Na kumbe ameshaongea na mfanyabiashara mmoja wa tangawizi ambaye anataka shamba kwa sababu ya mfereji, na ameshapokea milioni moja ya kianzio bila kutuambia, nimejua kwa wifi aliyejisahau akaropoka. Na huyo huyo wifi ameshasema kwake hamna nafasi, kwa hiyo mama akija atakaa kwangu, mi nina chumba na sebule.

Mama hataki. Anasema "nije nikae kwenye kochi niangalie tamthilia za Kituruki mpaka nife?" Kaka anasema uzee ndo unaongea.

Shangazi nimechoka. Nimpeleke nani wapi? Je ni sawa kumwacha mama kwenye kijiji ambacho watu wamegeuka hivi? Na hawa vijana mbona wamekuwa hivi, tulilelewa pamoja kabisa.

Dada wa Tandika


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole na pole tena kwa huyo mbuzi.

Nianze na vijana maana hapo ndo nadhani umepotea njia kidogo, na kaka yako amepotea kabisa. Huyo kijana anayedai mia tano kwa dumu hajawa na roho mbaya. Amejua muda wake una bei. Wewe pale kibandani mtu akija kutoa elfu hamsini, kamisheni yako si unaipata hata kama mteja ni mtoto wa shangazi yako? Unampunguzia? Haya. Kijijini zamani kazi ya kijana haikuwa na mnunuzi, akishamaliza kwao kulima anafanya nini na nguvu zilizobaki, anampa jirani, na jirani siku yake ikifika anarudisha. Tangawizi imekuja inakaa shambani miezi nane mpaka kumi, inataka kupaliliwa, inataka maji kiangazi, inataka mtu wa kuichimba na kuibeba mpaka gari linapofika, na anayeitaka kazi hiyo analipa siku hiyo hiyo. Saa moja anayomchotea mama yako maji ni saa ambayo mtu mwingine angemlipa. Kwa hiyo mlipe, na usimlipe huku umenuna.

Na huo ukali wa faini nao umetoka huko huko. Fikiria mwenyewe, enzi za mahindi na maharage mfereji ukiziba wiki moja mvua inaweza kukuokoa. Tangawizi ya mtu aliyekopa VICOBA mfereji ukiziba wiki moja kiangazi anaona deni lake linakauka pale pale. Ndo maana watu wameanza kuhesabiana, nani katoka, nani hajatoka, nani anakunywa maji ya jasho la wenzake. Nyie mlioko mjini mnaona ndugu wamegeukana, wao wanaona kuna nyumba zina mashamba mazuri mfereji unapita hapo hapo, zimefungwa, wenyewe wako Dar, wanatuma miamala, na maji yanataka kupita. Huyo mzee aliyekwambia wanataka mikono alikuwa anakuambia jambo la kweli sana ila nakubaliana na wewe kwamba ni kiroja kukataa hela mlangoni alafu kuichukua dirishani. Kama faini inalipika kwa hela basi na kibarua analipika kwa hela. Hilo wakalijibu kwenye mkutano.

Na mkutano ndo ninapotaka uende. Sio kupiga simu, uende. Pale Mbezi mwisho magari ya Same ni ya asubuhi, duka muachie mumeo au mdogo wako, uliza kwanza mkutano mkuu wa kijiji ni lini maana unatakiwa uwe kila miezi mitatu, kama haujaitishwa muda mrefu hilo nalo ni la kuuliza kwa mtendaji. Mama yako ni mkazi, ana zaidi ya miaka 18, ana haki ya kusimama kwenye mkutano huo kama mwenyekiti alivyo na haki. Wewe huna kura pale, hata hivyo unaweza kukaa pembeni yake ukamsomea na ukamkumbushia.

Kuna maswali ya kuuliza, na yaulizeni kwa upole bila kuonyesha mmetoka Dar na ujuaji. Hiyo faini iko kwenye sheria ndogo ya kijiji? Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imewapa, lakini inatakiwa ijadiliwe na wanakijiji na ipate kibali cha halmashauri ya wilaya. Ikiwa ni azimio la watu sita kwenye grupu la wasapu basi hiyo ni hasira ya kitongoji, bado haijawa sheria. Kama sheria ndogo ipo, ombeni muione, na mtafute inasemaje kuhusu wazee na wagonjwa, maana nyingi ninazozijua mimi zinataja watu wenye uwezo wa kufanya kazi. Kama haisemi kitu ombeni iongezwe. Alafu stakabadhi iko wapi? Hela ya kijiji inaingia kwa stakabadhi. Na mbuzi alichukuliwa kwa amri ya nani, yuko kwa nani, na akizaa mtoto ni wa nani? (Hilo la mwisho uliza kabisa, watacheka, na watu wakicheka mkutano unalegea.)

Usiniambie "shangazi ule mkutano hausikilizi mtu". Nyie ni Wapare. Mwaka 1945 babu zenu walishuka Same kwa maelfu kugomea mbiru, kodi ambayo mkoloni alitaka kila mtu akadiriwe mali yake, wakakaa pale, na mwaka uliofuata wanawake nao wakaingia kwenye hilo sakata. Mkoloni akaja kuiondoa. Watu walioshinda serikali ya Mwingereza wanashindwaje kumrudishia bibi mbuzi mmoja? Kila mtu nchi hii anajua utani kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, basi hapa ndo pa kuutumia, ila usifike mahakamani, malizeni kwenye mkutano maana mama yako ataendelea kuishi na hao watu wewe ukisharudi Tandika.

Na taarifa. Ombeni tu kwamba kila nyumba yenye mzee asiye na simu janja balozi au mwenyekiti wa kitongoji apeleke taarifa kwa mdomo au apige simu ya kawaida. Ni kitu kidogo, hakina gharama, na mama yako sio mwenye kitochi peke yake pale, utashangaa wazee wangapi watapiga makofi.

Sasa niseme kuhusu hela zako. Unatuma, najua unatuma na kwa dukani kwako ilivyo sio kitu chepesi. Lakini hiyo hela ikifika kule inageuka ya kulipana kwa vipande, dumu moja, mzigo mmoja wa kuni, palizi moja, kila siku mama anaanza kubembeleza upya, na kila siku kuna mtu anamkatalia. Hilo ndo linamfanya ajione mzigo. Na hapo mi naona nyote wawili, wewe na kaka, hamjaona mlichonacho mkononi. Mama yenu ana shamba lenye mfereji! Pale kijijini saizi hicho ndo kitu ambacho kila kijana mwenye nguvu anakitafuta kwa tochi, na ndo maana mfanyabiashara katoa milioni kabla hata hajaambiwa ndiyo. Nyie mnamwona bibi asiyeweza jembe, kijiji kizima kinaona eneo lenye zamu ya maji.

Kwa hiyo tafuteni kijana mmoja. Huyo huyo wa mia tano kwa dumu hata, si mmelelewa pamoja na kwao mnakujua? Mkae naye na mama akiwepo, mama ndo aongee. Apewe shamba au nusu yake alime tangawizi, mbegu mjadiliane nani anatoa, mavuno mgawane kadri mtakavyoelewana, sehemu nyingi ni nusu kwa nusu ikiwa mwenye shamba katoa na mbegu, na akiwa kajitegemea kila kitu yeye anachukua zaidi. Ila ndani ya makubaliano hayo hayo muweke kwamba msaragambo ukiitwa yeye ndo anatoka kwa jina la nyumba ya mama yako, zamu ya maji ni yake kuisimamia, na maji ya ndani na kuni ni juu yake bila kudai mia tano. Utaona anavyochapuka kwenda kuzibua mfereji, maana maji hayo ni ya tangawizi yake. Mikono waliyoitaka imepatikana, na wewe hela yako unabaki kutuma ya sabuni, ya dawa na ya vocha.

Maandishi ni lazima. Msimu mmoja mmoja, mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wawili watatu, ukiisha mnakaa tena. Usimwachie mtu shamba miaka na miaka kwa mdomo tu, watu wakikaa muda mrefu kwenye ardhi wanaanza kusema babu aliwaachia. Na muandike asirudie tangawizi pale pale msimu unaofuata, ardhi ikirudiwa tangawizi inaoza chini kwa chini, apande maharage au mahindi kwanza, tena hayo ndo mama apate ya makande.

Mtaniuliza na huo moyo wa zamani je, wa kumlimia mjane bure? Mi sina jibu la kuurudisha mwanangu. Kuna watu wanadhani msaragambo uliletwa na Ujamaa, sio kweli, Azimio la Arusha la 1967 liliukuta upo toka enzi za wamangi wenu, umepita kwa mkoloni, umepita kwenye vijiji vya Ujamaa, na leo uko kwenye wasapu. Unabadilika ngozi ila haufi. Na hata zamani haukuwa bure kama unavyokumbuka, aliyekuwa hatoki alikuwa anasusiwa msiba wake, hiyo ilikuwa faini kubwa kuliko elfu ishirini. Na hapo naomba nikuulize, misiba ya pale kijijini unaenda? Rambirambi ya kwenye simu inapokelewa, lakini wanaozika ni wale waliokuja. Ukipata nafasi hata mara moja moja panda, ukae chini na kina mama, uchambue mchele. Mama yako atatembea kifua mbele wiki nzima.

Kumleta Dar sasa. Chumba na sebule, watoto wawili, mume, na bibi ambaye maisha yake yote ameamka akatazama milima, utamweka kwenye kochi Tandika kwenye joto la Januari, wewe unashinda kibandani mpaka saa tatu usiku, choo ni cha nje cha wapangaji wote. Nani atakuwa anaongea naye? Nimewaona wazee wengi mjini hapa wanakaa barazani kutwa nzima wanasalimia wapita njia wasiowajua. Kama angekuwa na ugonjwa wa kumfanya ahitaji hospitali kubwa kila wiki ningekwambia mlete kesho, hata akikataa tungembembeleza. Lakini barua yako haina ugonjwa wowote. Ina mbuzi. Mtu mwenye akili timamu kasema hataki, na tena kasema vizuri kwa maneno machache kuliko sisi wote, basi huo sio uzee unaoongea. Mje mumlete likizo, akae wiki mbili tatu na wajukuu, akichoka mnampandisha gari.

Kingine, huku bara hatuna ile pensheni ya wazee wote kama Zanzibar walivyoanza mwaka 2016 kwa waliofika miaka 70, kwa hiyo ukiuza shamba la mama yako unauza na pensheni yake. Hela ya shamba ikigawanywa kwa watoto itaisha kwenye ada na tofali. Mwaka wa pili mama ana nini? Ana kochi lako.

Nimemweka kaka yako mwisho kwa makusudi maana nilikuwa nasubiri hasira zipungue. Shangazi hana ugomvi na wazo lake, ana ugomvi na hiyo milioni. Kwanza hana anachoweza kuuza. Baba alifariki 2016, hujaniandikia kwamba mlifungua mirathi, na kama hamkufungua basi hakuna msimamizi, na mtu asiye msimamizi akiuza mali ya marehemu anauza hewa. Pili ardhi ya kijiji haiuzwi kienyeji kati ya watu wawili mezani Chanika, lazima ipite kwenye halmashauri ya kijiji. Tatu, atakuja na zile kanuni za mila za mwaka 1963, maana kina kaka wanazipenda, zinazosema mjane hana fungu kwenye mali ya marehemu, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Zimeandikwa hivo kweli, sikufichi. Ila muulize huko kutunzwa kunaanzaje kwa kumuuzia mtu paa la kichwani kwake. Na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 imeshasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Na akisema wewe ni mtoto wa kike hupaswi kuongea mambo ya shamba la ukoo, mwambie mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Holaria Pastory, ilisema mwanamke ana haki juu ya ardhi ya ukoo sawasawa na mwanaume, hata ya kuiuza. Sio lazima umwambie kwa kelele.

Fungueni mirathi mahakama ya mwanzo, mtahitaji cheti cha kifo cha baba na muhtasari wa kikao cha ukoo, na kwenye hicho kikao pendekezeni mama ndo awe msimamizi, au wewe na kaka kwa pamoja kama mama atasema safari za mahakamani hawezi. Ikishakaa sawa ulizeni kijijini kama wanatoa hati ya hakimiliki ya kimila, iandikwe jina la mama. Baada ya hapo mfanyabiashara akija tena atakuwa anajua anaongea na nani.

Alafu milioni irudi. Sio mwezi ujao, kabla hujapanda gari kwenda mkutanoni, maana huyo mfanyabiashara akisikia mama anagawa shamba kwa kijana mwingine wakati yeye ameshatoa kianzio atakuwa na kesi, na kijiji kizima kitamwona mama yako tapeli. Kaka akisema ameshaitumia, na atasema, hata usipoteze muda kuuliza kaitumia nini. Kaeni muone ana kiasi gani, kilichopungua ukiweza mkopeshe, ukishindwa mwambieni mfanyabiashara ukweli mumuombe muda kwa maandishi. Anaporudishiwa asaini kwamba kapokea na hana dai lolote kwenye shamba hilo, mashahidi wawepo, nakala moja ikae kwako dukani. Na hiyo hela ya kuongezea, mwanangu, usiitume kwenye namba ya kaka. Itume kwa mfanyabiashara mwenyewe.